Namba moja ya kliniki si presha yako

Wasomaji wangu, nisameheni kwa kimya. Niliahidi kuwaletea sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata ndogo za simu, na itakuja, msijali. Lakini kwa miezi mingi sasa kazi yangu ya jioni imekuwa nyingine kabisa: kusoma picha za daftari la shule ambazo mama yangu hunitumia kwa WhatsApp. Ndani ya daftari hilo mna tarehe, saa, na namba tatu tatu zimepangwa kwa rula. Leo nataka kuzungumzia namba hizo, kwa sababu zimenigeuza mawazo. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanaoamini kwamba presha ya kweli ni ile ya hospitalini, na hii ya kupimia nyumbani ni mchezo wa watu wenye pesa za kuchezea.

Kwanza kisa chenyewe. Mama ni mwalimu mstaafu na anaishi Mwatate. Kwa miaka minne alikuwa akimeza tembe moja ya presha kila siku bila matatizo. Machi mwaka jana alikwenda kliniki yake mjini Voi kama kawaida. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akapanda matatu, akakaa kwenye benchi hadi saa tano hivi. Alipoitwa alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili akiharakisha, maana aliogopa nafasi yake isichukuliwe na mwingine. Akaketi, na kabla hajapumua vizuri mkanda ukafungwa juu ya mkono wa sweta, huku anaulizwa habari za wajukuu na yeye anajibu. Mashine ikasema 172 kwa 98. Daktari akatazama ile karatasi, akatikisa kichwa, akaongeza dawa ya pili. Mama anasema hakumaliza dakika tano mle ndani.

Siku kumi baadaye aliinuka kitini jikoni, dunia ikamzunguka, akaanguka na kugonga bega kwenye mlango. Jirani ndiye aliyenipigia simu. Nilipanda treni ya asubuhi kutoka Nairobi, nikamkuta ameketi sebuleni, bega limefungwa leso, na ananiuliza kwa nini nimeacha kazi. Jirani yule, ambaye mumewe ana presha ya siku nyingi, alikuwa ameleta mashine yake ya nyumbani. Tulimpima mara mbili: 102 kwa 61, kisha 105 kwa 60. Nikampigia daktari mwingine tunayemfahamu. Akasema dawa ya pili isimamishwe, na Mama apimwe nyumbani wiki nzima kabla ya mtu yeyote kuandika dawa nyingine.

Sasa, mimi si daktari. Kazi yangu ni kuandika programu. Lakini mtu akinijia na kuniambia seva yetu imezidiwa na inahitaji kubadilishwa, na ushahidi wake ni kipimo kimoja alichokichukua wakati nakala ya usiku inatengenezwa, nitamwambia arudi kwanza na vipimo vya wiki nzima. Sitasema anadanganya. Kipimo chake ni cha kweli kabisa, ila ni cha dakika ile. Moyo wa mtu hupiga mara kama 100,000 kwa siku, na kila pigo lina presha yake. Kliniki huchukua pigo chache tu, tena katika saa ambayo mwenye moyo amechoka, ana njaa na ana wasiwasi, halafu zile chache ndizo zinazoamua ameze nini kwa miezi mitatu.

Wenye elimu hiyo wamelijua jambo hili zamani. Kifaa chenye mkanda wa mkono kilitolewa na Scipione Riva-Rocci nchini Italia mwaka 1896, na mwaka 1905 Nikolai Korotkoff, Mrusi, akaonyesha namna ya kusikiliza mshipa kwa kifaa cha masikioni wakati mkanda unalegezwa. Ndiyo njia ambayo manesi walitumia kwa karne nzima, na wengine wanaitumia hadi leo. Mwaka 1983 Giuseppe Mancia na wenzake wa Milan walichapisha jaribio ninalolipenda sana, kwa kuwa linafanana na kazi ya fundi wa programu anayetafuta kasoro. Waliwawekea wagonjwa waliolazwa kifaa ndani ya mshipa, kinachorekodi presha mfululizo bila mtu kugusa chochote. Kisha daktari akaingia chumbani kuwapima kwa mkanda. Mara tu alipofika, presha ikapanda: kwa wastani namba ya juu iliongezeka milimita 27 za zebaki na ya chini 15, ikafika kilele katika dakika za kwanza, halafu ikaanza kushuka. Baadaye walionyesha kwamba nesi akipima, kupanda huko ni kidogo kuliko daktari akipima. Yaani kifaa cha kupimia, pamoja na mtu aliyekishika, kilikuwa kinabadilisha kile kinachopimwa.

Jambo hili limepewa jina la presha ya koti jeupe. Mwaka 1988 Thomas Pickering wa New York aliwachunguza watu 292 waliokuwa kwenye mpaka, ambao kliniki ilisema wana presha ya juu kiasi lakini walikuwa hawajaanza dawa. Mtu mmoja kati ya watano alikuwa na presha ya kawaida akiwa katika shughuli zake za kila siku.

Mama yangu hayuko katika kundi hilo hasa. Yeye ana presha kweli na tembe yake ya kwanza anaihitaji. Tatizo lake ni kwamba kliniki humwongezea nyingine juu yake, na dawa ya pili ilipewa kazi ya kushusha presha ambayo haikupanda matatu kurudi naye nyumbani.

Haya, tuje kwenye mashine, maana najua ndicho mnachokisubiri.

Nilianza vibaya. Nilirudi Nairobi nikaingia duka moja la mjini nikanunua kifaa cha kufunga kwenye kifundo cha mkono, kidogo, kizuri, kimeandikwa maneno mengi juu ya boksi. Muuzaji aliniapia kwamba ni cha Japani halisi. Nilijipima mara tatu mfululizo nikiwa nimetulia: 151, 128, 139. Jina lililoandikwa juu ya kifaa sikuliona mahali popote isipokuwa kwenye lile boksi. Kiko kabatini hadi leo, watoto wanakichezea udaktari.

Ili uelewe kwa nini jina la kifaa lina maana, lazima ujue mashine hizi zinafanya nini. Mashine ya kidijitali haisikilizi mshipa kama alivyofanya Korotkoff. Inajaza upepo hadi mshipa ubanwe, kisha inautoa polepole. Damu inapoanza kupenya, kila pigo hutikisa upepo ndani ya mkanda, na kihisio hurekodi mitikisiko hiyo. Mitikisiko huanza midogo, huongezeka hadi kilele, kisha hupungua. Kile kilele kiko karibu na presha ya wastani. Lakini namba ya juu na namba ya chini, zile zinazoonekana kubwa kubwa kwenye kioo, haziko wazi mahali popote kwenye mchoro huo. Mashine inazikisia kwa fomyula kutokana na umbo la mchoro. Na fomyula hiyo ni siri ya kila mtengenezaji.

Niliposoma hayo nilikaa kimya kidogo. Maisha yangu yote ya kazi nimewaambia watu wasiamini programu ambayo msimbo wake hawawezi kuuona, na kumbe nimemfungia mama yangu mmoja mkononi. (Na mashine nyingi za kidijitali zilizo kliniki zinafanya kazi kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo anayeidharau mashine ya nyumbani kwa sababu hii aitazame kwanza iliyo mezani pake.)

Kwa kuwa huwezi kusoma fomyula, njia iliyobaki ni kuijaribu kutoka nje. Kuna kipimo cha kimataifa kinachoitwa ISO 81060-2: kifaa hujaribiwa kwa watu wasiopungua 85, kikilinganishwa na wapimaji waliofunzwa wanaosikiliza kwa masikio. Wastani wa tofauti usizidi milimita 5 za zebaki, na mtawanyiko wa tofauti hizo usizidi 8. Vifaa vilivyofaulu vimeorodheshwa kwenye tovuti ya STRIDE BP, na unaweza kutafuta kwa jina na namba ya modeli bila malipo. Mimi nilisimama ndani ya duka la dawa, simu mkononi, nikilinganisha modeli moja moja na orodha huku mhudumu akinitazama kama mtu anayekagua ubavu wa gari kabla ya kulinunua. Nilinunua cha mkono wa juu, kiko kwenye orodha, na hakikuwa cha bei ghali kuliko vingine.

Tafadhali pia angalia ukubwa wa mkanda. Watafiti wa Johns Hopkins walichapisha mwaka 2023 jaribio la watu waliopimwa kwa mkanda wa kawaida wakati mikono yao ilihitaji mkubwa zaidi. Waliohitaji mkubwa kuliko yote walisomewa namba ya juu iliyozidi kwa karibu milimita 20. Mtu wa namna hiyo anaweza kutibiwa ugonjwa wa mkanda. Chuo hicho hicho, mwaka 2024, kiliangalia mahali pa kuweka mkono. Ukilinganisha na mkono uliokaa mezani usawa wa moyo, mkono uliowekwa pajani uliongeza namba ya juu kwa takriban 4, na ulioning'inia ubavuni kwa 6.5. Ni fizikia tu: damu ni maji mazito, na kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza karibu milimita 8 za zebaki. Mkono wa Mama siku ile kliniki, nilipomuuliza, ulikuwa pajani, umeshika pochi.

Basi tukaanza wiki yetu. Utaratibu si wa kubuni kwangu, ni ule ambao miongozo ya Ulaya na Uingereza imekuwa ikiutoa kwa miaka: pima asubuhi kabla ya dawa na chai, pima jioni, kila mara vipimo viwili kwa kupishana dakika moja, siku saba, kisha tupa siku ya kwanza na uchukue wastani wa zilizobaki. Kabla ya kupima, haja ndogo kwanza, halafu dakika tano za kukaa kimya, mgongo umeegemea, miguu haijakunjwa, mkono umewekwa juu ya meza. Kukaa kimya ndiko kulikomshinda Mama. Dakika tano bila kuzungumza, kwa mwalimu wa miaka thelathini na tano!

Vipimo 28, ukitoa vinne vya siku ya kwanza vinabaki 24. Wastani ulikuwa 128 kwa 76, akiwa kwenye tembe yake moja ya zamani. Kwa nyumbani mpaka huwekwa 135 kwa 85, chini kidogo ya ule wa 140 kwa 90 wa kliniki. (Wamarekani tangu 2017 wana mpaka wao wa 130 kwa 80, kwa hiyo ukisoma tovuti zao usishtuke kujikuta mgonjwa ghafla.) Kwa hesabu yoyote ile, hapakuwa na kazi ya dawa ya pili.

Tukapeleka daftari kliniki. Daktari hakulifungua. Alilisukuma taratibu pembeni akasema, "Hizi mashine za nyumbani haziaminiki, mama," kisha akaomba mkanda wake. 164 kwa 94.

Nilikasirika, na niliposhuka ngazi zile nilikuwa tayari kuandika makala kali kuliko hii. Lakini nimekaa na hasira hiyo muda wa kutosha kukiri kwamba yule daktari ana sehemu ya haki. Mashine nyingi zilizo madukani kweli haziaminiki, na mimi mwenyewe nina ushahidi kabatini. Tena wagonjwa si makarani waaminifu. Mjomba wangu hujipima mara tatu na kuandika ile ndogo kuliko zote, akisema hizo nyingine mashine ilikuwa haijachangamka. Wako wanaoona 118 siku mbili wakaacha dawa wenyewe, wakasahau kwamba 118 hiyo imeletwa na dawa.

Tatizo ni kwamba daktari anapotupa daftari zima kwa sababu ya hayo, anabaki na nini? Nilichukua kadi ya kliniki ya Mama nikahesabu. Katika miaka minne kuna vipimo 19. Kati ya namba za juu 19, zinazoishia na sifuri ni 16. Mshipa wa damu haupendi sifuri kiasi hicho. Mashine isingetoa namba hizo. Ni mkono wa mtu uliokuwa ukikaribisha, 140, 150, 160, kwa sababu foleni ni ndefu. Kumi na tisa zilizokaribishwa, kwa miaka minne, dhidi ya 24 za wiki moja. Mimi najua ni jedwali gani ningeliamini.

Na si mimi tu. Katika mji wa Ohasama, kaskazini mwa Japani, watafiti waliwapa wakazi mashine za nyumbani na kuwafuatilia kwa miaka. Mwaka 1998 walichapisha kwamba presha ya nyumbani ilitabiri vifo vizuri kuliko ile iliyopimwa katika uchunguzi wa kawaida. Uingereza, mwaka 2018, lilitoka jaribio liitwalo TASMINH4, la wagonjwa zaidi ya 1,000. Waliojipima nyumbani, na madaktari wao wakarekebisha dawa kwa namba hizo, walikuwa baada ya miezi 12 na presha ya chini kuliko waliotibiwa kwa vipimo vya kliniki peke yake. Waliotuma namba kwa karatasi walishuka kwa 3.5 zaidi, waliotuma kwa simu 4.7. Tofauti kati ya karatasi na simu haikuwa ya kutegemewa. Kwa mtu wa taaluma yangu hilo lilikuwa dawa chungu. Nilikuwa nimeshaandika programu nzuri tu ya kusoma mashine kwa Bluetooth (vipima presha vina huduma yao maalumu, namba 0x1810, na vipimo hupakiwa katika biti 16 kwa mtindo ulionipotezea jioni mbili), inatupa siku ya kwanza yenyewe, inachora mchoro. Mama aliitumia siku tatu akarudi kwenye daftari. Anasema simu humficha namba za jana.

Na kwa kuwa tumegusa simu: usipime presha kwa kuweka kidole kwenye kamera. Kulikuwa na programu moja maarufu iliyofanya hivyo, Instant Blood Pressure, ikauzwa kuanzia 2014 hadi ilipoondolewa dukani katikati ya 2015. Ilipojaribiwa kitaalamu, matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba karibu watu wanne kati ya watano wenye presha ya juu waliambiwa na simu kwamba wako salama. Hiyo ni kasoro ya aina mbaya kuliko zote, ile inayompeleka mtumiaji kulala.

Hapa nifike kwenye sehemu ambayo sikuipanga. Nilipokuwa naijaribu programu yangu nilihitaji data, na mkono uliokuwa karibu ulikuwa wangu. Mimi hupimwa kazini kila mwaka, na kila mwaka ni yale yale: 124 kwa 80, 126 kwa 78, asante, nenda. Nyumbani, saa nne usiku, baada ya siku ya kawaida ya kahawa na simu za wateja: 146 kwa 92. Nikadhani ni kasoro ya programu. Nikasoma kioo cha mashine kwa macho yangu: ile ile. Asubuhi 141 kwa 90. Wastani wa wiki ukawa 143 kwa 91.

Hii nayo ina jina. Pickering huyo huyo mwaka 2002 alipendekeza iitwe presha iliyojificha: kliniki huioni, nyumbani na kazini ipo. Ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mwenye presha ya koti jeupe, ingawa anapaswa kufuatiliwa, hatari yake ni ndogo. Mwenye iliyojificha hatari yake inakaribia ya mgonjwa wa presha wa kawaida, na hakuna anayemtibu kwa sababu kadi yake ni safi. Nilikwenda kwa daktari na karatasi yangu. Akanipima pale: 128 kwa 82. Bila ile karatasi angenipa mkono na kunitakia heri. Badala yake alinifunga mashine ya saa 24, ile inayokubana kila nusu saa hata ukiwa kwenye matatu, na matokeo yakakubaliana na ya nyumbani. Sasa nami nina tembe yangu. Nina miaka 41.

Kuna msomaji atakayeniuliza, na atakuwa na haki, kwa nini tubishane juu ya mashine za nyumbani katika nchi ambayo wengi hawajawahi kupimwa popote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja. Lakini jibu letu kwa hilo limekuwa nini? Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye mashine ya kupima presha, wapite nyumba kwa nyumba, wakirekodi kwenye simu. Huo ni upimaji wa nyumbani, tena kwa yule ambaye hawezi kununua mashine. Kwa hiyo swali la kama daktari ataamini namba iliyotoka kwenye kiti cha jikoni si la mama yangu peke yake. Ningekuwa naandika fomu ya kazi kama hiyo, isingekubali kipimo kimoja. Ingedai viwili, ingeandika saa yenyewe, ingeuliza mkono ulikuwa wapi. Kuongeza visanduku hivyo ni kazi ya mchana mmoja.

Maneno mawili ya tahadhari kabla sijasahau. Ukiona 180 kwa 120, na kifua kinauma, au ulimi mzito, au upande mmoja umelegea, usikae kuhesabu wastani wa siku saba. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na usijipime mchana kutwa. Mama alipitia wiki moja ya kuamka saa nane usiku kujipima, presha ikapanda kwa ajili ya kuogopa presha, hadi nikamwomba jirani aweke mashine kwake na kuileta saa za kupima tu.

Mama alihama kliniki. Sasa anahudhuria zahanati ndogo iliyo karibu na nyumbani, na anayemwona ni afisa wa kliniki, kijana wa umri wa wadogo zangu. Alilifungua daftari ukurasa wa kwanza akalisoma hadi mwisho, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, hata mimi mwenye michoro yangu: "Mama, tembe unameza saa ngapi?" Maana alikuwa ameona za asubuhi zimezidi za jioni karibu kila siku. Ikabainika kwamba Mama humeza anapokumbuka, na huwa anakumbuka saa sita mchana, akishalisha kuku. Wakakubaliana saa moja asubuhi, kila siku, mara tu baada ya kupima.

Picha ya leo imeingia wakati namalizia kuandika. 126 kwa 74, kisha 124 kwa 75, mapigo 70. Chini yake, kwa kalamu nyekundu ya mwalimu: mbuzi amezaa wawili, na wewe hujanitumia zako za jana jioni.